Mkono wa mgonjwa wa kiharusi haupendi haraka

Ukimvisha sweta mtu aliyepata kiharusi, mkono uliojikunja kifuani hukaza zaidi pale unapouvuta. Nimemuuguza mama yangu hapa Kayole kwa miaka sasa, na linaloniuma ni kuwasikia watu wakimwambia mgonjwa, "Legeza basi!" Hawezi. Amri ya kukaza haitoki kwa hiari yake.

Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima urefu wake na kasi unayonyooshwa nayo. Ukinyooshwa ghafla, habari hufika kwenye uti wa mgongo, nao huuamrisha msuli ujikaze papo hapo. Ndicho anachokipima daktari akikugonga goti kwa kinyundo. Kwa kawaida ubongo huidhibiti amri hiyo. Kiharusi kikiharibu njia zinazoshuka kutoka ubongoni, udhibiti hupungua. Mwaka 1980 daktari James Lance wa Australia aliutambulisha ukakamavu huu wa misuli kwa jambo moja: unategemea kasi. Ukivuta haraka, msuli hupigana nawe. Ukienda polepole, mara nyingi hukuachia.

Kwa hiyo mkono ule dhaifu uvishwe kwanza, na kuvuliwa mwisho. Ngumi ikifumbatwa, usianze na ncha za vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, ili kano za vidole zilegee, kisha fungua kidole gumba kuanzia shinani, halafu vingine taratibu. Mama huvuta pumzi ndefu hapo, nami hungoja. Kwenye matatu, tuta likirusha gari, mguu wake huanza kutetemeka wenyewe. Mimi huhakikisha kisigino kimekaa chini, namkandamiza goti kwa upole, na mara nyingi hutulia.

Ikiwa hata polepole kiungo kinagota palepale kila siku, huenda msuli wenyewe umefupika. Hapo usilazimishe, mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Na ukakamavu ukizidi ghafla, tafuta kinachomsumbua: maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, kidonda cha kulalia, ukucha uliozama, kiatu kinachobana. Baridi yetu ya Julai nayo huchangia, kwa hiyo mpashe joto kabla ya mazoezi.

Kama ameandikiwa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, nunua nyingine kabla haijaisha. Kuikatiza ghafla kunaweza kumletea degedege na kuona vitu visivyokuwepo. Pesa zikipungua, mwone daktari mapema akupangie jinsi ya kuipunguza kidogo kidogo.