Kuhamia Dar na watoto: chunguza mtaa kwanza

Dada, unauliza kama uhame na watoto kutoka Dodoma kuja Dar, maana wengine wanakutisha na Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, wengine wanasema jiji ni shwari. Kila mmoja anasema anachokiona mtaani kwake. Vijana wale wa mapanga walitikisa kweli, 2015 na tena 2022, na waliovamiwa hawajasahau. Ila kero ya kila siku ni kuporwa na watu wa bodaboda: ukipiga simu simama mbali na barabara, na mkoba uvae upande usioelekea barabara.

Kabla ya kulipa kodi, pita mtaani saa mbili usiku, bila dalali. Tazama kama taa zinawaka na wauza chipsi bado wapo nje. Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa, uliza ulinzi shirikishi unafanya doria siku zipi na nani anachangia. Wakibabaika, tafuta kwingine.

Mimi ningechukua vyumba viwili vidogo karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara kuliko nyumba kubwa ya bei poa ndani kabisa, ambako utashuka usiku utembee gizani na watoto. Habari za maji waulize wapangaji, siyo mwenye nyumba.