Kwa nini tonge hupita juu ya mlango wa pumzi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, na siku hizi hupaliwa hata na maji. Nesi alinieleza kuwa njia ya chakula na ya hewa hupishana kooni. Kwa nini zipishane? Zisingeweza kuwa mbalimbali? – Msomaji, Musoma.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kwa kuwa uko Musoma, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye soko lenu la samaki: kamongo.

Kamongo ana mapafu. Lazima apande juu kuvuta hewa kwa kinywa, na akizuiwa hufa maji ingawa ni samaki. Ukimpasua, utaona tundu la kuingilia mapafuni liko sakafuni mwa koo lake, upande wa tumbo. Pua zake ni za kunusia tu. Yeye si babu yetu, ni binamu; babu tunayechangia naye aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na tayari alikuwa na mapafu, yaliyoanza kama kifuko kilichochomoza kwenye mrija wa chakula. Jambo hilo hujirudia ndani ya kila mimba: katika wiki ya nne, mapafu ya kiinitete huchipuka kutoka ukuta wa mbele wa mrija uleule.

Pua ilijiunga na kazi ya kupumua baadaye. Kwa mababu wa wanyama wa nchi kavu, tundu la nyuma la pua lilihama taratibu kuelekea kaakaa. Samaki wa kale wa China aitwaye Kenichthys, wa miaka kama milioni 395 iliyopita, alikutwa tundu hilo likiwa bado njiani, kwenye ukingo wa taya la juu.

Hapo ndipo njia zilipopishana. Pua iko juu ya kinywa, mapafu yametokea upande wa chini wa koo, na kwetu tuliosimama wima, chini kumekuwa mbele. Hewa hushuka kutoka nyuma ya pua ikielekea mbele. Chakula hutoka kinywani kikielekea nyuma. Hakuna mnyama aliyepata nafasi ya kuanza upya. Kila kizazi kilirekebisha koo kilichorithi.

Kuzitenganisha kunawezekana. Pomboo amefanikiwa: zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti kilicho mlangoni mwa njia ya hewa, limechomekwa moja kwa moja kwenye njia ya pua. Lakini hawezi kupumua kwa kinywa kama sisi tunavyofanya mafua yakiziba pua. Kwetu zoloto liko juu utotoni, kisha hushuka, na nafasi inayobaki juu yake hutusaidia kutamka. Naona ni faida kubwa, ingawa tunailipia kila tunapokula.

Malipo yenyewe ndiyo yanayomsumbua mama. Katika kumeza, zoloto hupanda, kifuniko chake cha gegedu hulala, nyuzi za sauti hufungana na pumzi husimama, yote kwa muda wa kama sekunde moja. Ubongo ndio unaopanga zamu hizo, na kiharusi huzivuruga. Maji humsumbua kuliko uji kwa sababu hukimbia, yakafika kabla mlango haujafungwa.

Mpeleke hospitali apimwe umezaji. Usianze kumbadilishia vinywaji kwa kukisia. Kwa sasa, akae wima kabisa anapokula, anywe kidogo kidogo, na asilale kwa nusu saa baada ya chakula. Sikiliza sauti yake akishakunywa: ikiwa kama ina maji ndani, au akipata homa na kikohozi, mwahishe siku hiyohiyo. Na usitulie kwa sababu tu hajakohoa. Baada ya kiharusi, wapo ambao chakula huingia mapafuni kimyakimya.