SkyActiv-G na hofu ya D4: jibu kwa anayetaka CX-5 ya petroli

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama Mazda CX-5 ya petroli kweli inakula mafuta kidogo kama madalali wanavyosema, na kama injini yake ya SkyActiv-G si "D4 nyingine", yaani kama zile injini za Toyota za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, itakayokuacha barabarani. Mimi naendesha CX-5 ya 2013, cc 2,000, hapa Dar, na sikukuu za mwisho wa mwaka huipeleka Iringa kwa wazazi. Kabla yake nilikuwa na Rav4 ya zamani. Nakujibu kwa nilichokiona mwenyewe, na kwa ninayoyasikia kwa madereva ninaowaamini.

Tuanze na mafuta. Mjini, kwenye foleni ya barabara ya Mandela asubuhi, AC imewashwa, napata kati ya kilomita 9 na 10 kwa lita. Njia kuu, nikitembea 80 hadi 100, inafika 14, na siku ambayo malori si mengi, 15. Namba hizi sizisomi kwenye dashibodi. Najaza tangi mpaka pampu ikate, naandika kilomita, nikijaza tena nagawa kwa lita zilizoingia. Dashibodi ya gari langu huwa inanitajia zaidi ya ninachokipata, kwa hiyo mtu akikuletea picha ya skrini inayosema 18, muulize sheli alilipia lita ngapi. Rav4 ilikuwa inanipa 7 hadi 8 njia zilezile. Tofauti hiyo, kwa mjini, ni karibu lita 3 kwa kila kilomita 100, na kwa bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hiyo ni hela ya maana kwa mtu anayekwenda kazini kila siku.

Sasa, kwa nini huyu anasifia na yule analalamika, na gari ni moja? Sababu kubwa ni njia wanazopita. Kuna kijana ninayemfahamu anafanya teksi mtandao kwa Mazda Demio ya 1.3 yenye injini ya SkyActiv-G pia. Alinunua akiamini atapata kilomita 30 kwa lita, kwa sababu ndivyo alivyosoma kwenye tangazo. Namba hiyo ilitangazwa kweli: Mazda ilipoitoa Demio hiyo Japani mwaka 2011, ilisema kilomita 30 kwa lita kwa kipimo cha Japani kiitwacho 10-15. Lakini kwa kipimo kipya zaidi cha JC08 gari lilelile lilipata 25. Vipimo vyote viwili hufanywa maabara, AC imezimwa, hakuna bodaboda anayekuchomekea, hakuna abiria aliyekwambia umsubiri nje ya duka Kariakoo. Kijana huyu kwa kazi yake anapata 13, 14. Akishika njia ya Bagamoyo usiku inapanda sana. Analalamika, lakini ukimuuliza kama atarudi kwenye gari la zamani anakataa.

Jambo la kulielewa vizuri ni namna injini hii inavyopunguza mafuta, maana hapo ndipo utajua namna ya kuitunza. Injini ya kawaida tuliyoizoea, mfano 1NZ-FE ya Toyota IST, ina kompresheni (kiwango cha kubana hewa na petroli ndani ya silinda) ya 10.5. CX-5 ya petroli ya soko la Japani ina 13, na ile Demio ya 2011 ina 14. Kompresheni ikiwa kubwa, petroli ileile inaisukuma pistoni kwa nguvu zaidi na joto kidogo ndilo linalopotelea kwenye ekzosi. Kila mtengenezaji alilijua hilo tangu zamani. Kilichowazuia ni kugonga: mchanganyiko unapata joto, unalipuka kabla ya wakati, na injini inaumia.

Mazda walilitatua kwa mambo kadhaa kwa pamoja. Nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na petroli inapogeuka mvuke inapoza hewa iliyomo. Manifoldi ya ekzosi imetengenezwa ndefu, mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja, ili moshi wa moto wa silinda moja usirudi kuingia kwenye silinda nyingine. Kichwa cha pistoni kina kishimo katikati kinachousaidia moto kuenea vizuri. Na taimingi ya valvu inabadilika, kiasi kwamba ukitembea taratibu valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga na injini haipotezi nguvu kuvuta hewa. Kwa jumla kampuni ilitangaza nafuu ya asilimia 15 ya mafuta ukilinganisha na injini yake iliyotangulia. Kwa niliyoyaona, hilo naliamini.

Na jambo linalotuhusu sana sisi tunaoagiza Japani: injini hizi ziliuzwa kule kutumia petroli ya kawaida, si ile ya oktani ya juu. Maneno kwamba "hiyo kompresheni haiwezi mafuta ya Bongo" yasikutishe. Kinachoiumiza ni mafuta machafu.

Hapo ndipo tunapofika kwa D4. Nimeishi na hofu hiyo kama wewe. Kila fundi wa Dar akisikia petroli inapulizwa ndani ya silinda anasema "D4 hiyo, kimbia". Mitsubishi na GDI yake na Toyota na D-4 wote walianza 1996. Magari yao yakaja kwetu kama mitumba baada ya miaka mingi, zikiwemo Rav4 Kilitime za 1AZ-FSE na Brevis. Injini zile kwenye mwendo mdogo zilichoma mchanganyiko mwembamba, petroli kidogo ndani ya hewa nyingi, na ziliacha masizi mengi. Kaboni ikajaa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa na kwenye valvu, gari likatetemeka sailensa (injini ikiunguruma gari limesimama), likazima kwenye taa.

Halafu kumbuka zilikuta mazingira gani hapa. Ulikuwa wakati wa uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye petroli na dizeli, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Pampu ya presha kubwa inalainishwa na petroli yenyewe inayopita ndani yake, na nozeli zake zina matundu madogo sana. Ukizipitishia uchafu, zinakufa. Juu ya hapo gereji nyingi hazikuwa na kompyuta ya kusomea gari, fundi alibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na bili ikawa ya mwenye gari. Nadhani D4 imebebeshwa lawama ambazo nusu yake ni zetu sisi tuliokuwa tunaiuzia mafuta na kuitengeneza.

SkyActiv-G haichomi mchanganyiko mwembamba kama zile. Inatumia kiwango cha kawaida cha hewa na petroli, hivyo masizi ni machache zaidi. Hata hivyo kaboni kwenye valvu za kuingiza haijaisha, kwa sababu petroli haipiti tena juu ya valvu hizo kuziosha. Gari la safari ndefu linasafika zaidi kuliko gari la kwenda sokoni na kurudi. Gari langu lilifunguliwa manifoldi mwaka jana kwa ajili ya kazi nyingine, na fundi alikuta utando wa kaboni lakini si wa kutisha. Akausafisha tukaendelea.

Jambo ambalo ningekuomba ulishikilie kuliko yote ni oili. Injini hii inataka oili nyepesi ya 0W-20. Bongo kuna imani kwamba oili nzito ndiyo inayofaa nchi ya joto, na gereji nyingi ukiacha gari bila maelekezo watakuwekea 20W-50. Kwenye Rav4 ya zamani ungevumilia. Kwenye hii, taimingi ya valvu za ekzosi inategemea oili ipite haraka kwenye njia nyembamba, na sehemu ya ile nafuu ya mafuta inatokana na oili nyepesi. Namfahamu mzee mmoja ofisini kwetu ambaye CX-5 yake ilianza kula mafuta na kutoa mlio wa nyororo (cheni) ya injini asubuhi. Wakambadilishia plagi, wakamwambia nozeli. Fundi mwingine alipochomoa kijiti cha oili akaiona nzito kama asali. Walipoimwaga na kuweka inayotakiwa, gari likatulia ndani ya wiki. Nunua oili yako mwenyewe kwa muuzaji unayemjua, nenda nayo gereji, na usimame pale inapomiminwa. Plagi nazo zinunue halisi, zina gharama lakini zinakaa muda mrefu.

Mafuta: chagua sheli yenye wateja wengi na uizoee. Safari moja nilijaza kituo cha njiani usiku, sikitaji, na kabla ya Mikumi taa ya injini ikawaka na gari likaanza kukatakata kwenye kupanda. Tulimwaga mafuta Iringa na kubadilisha filta, likapona. Tangi la hii inayovutwa na magurudumu ya mbele tu ni lita 56, kwa hiyo ukijaza Dar vizuri unafika Iringa bila kusimama kujaza popote.

Nguvu yake sasa, maana wengi hulalamikia hapa. Haina turbo. Farasi ni 155, lakini zinapatikana juu, kwenye mizunguko 6,000. Ukiwa na watu watano na mizigo, kwenye mlima Kitonga, njia ya Iringa, gari litashusha gia na injini italia. Waliotoka kwenye magari ya turbo wanaona gari zito. Mimi naona ni kuzoea tu: iache ipandishe mizunguko, imetengenezwa kufanya hivyo, usiogope sauti. Ukitaka kuvuka malori bila kungoja nafasi ndefu, chukua ya 2.5, lakini ujue ushuru. TRA, mamlaka ya mapato, hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 na asilimia 10 likizidi 2,000. Injini ya 2.0 ina cc 1,997, inapita chini ya mstari. Ya 2.5 ina 2,488. Na gari lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka wa gari kabla ya kufurahia bei ya kule Japani.

Kuhusu i-stop, ule mfumo wa kuzima injini ukisimama kwenye taa: Dar una faida ndogo. AC ikihitaji kupoza, mfumo unawasha injini tena. Lakini betri yake ni maalumu, kwenye CX-5 hizi imeandikwa Q-85, na bei yake iko juu ya betri ya kawaida. Ukiweka ya kawaida, i-stop itaacha kufanya kazi au betri itachoka mapema. Wengine wanazima mfumo kwa kitufe kila wanapowasha gari. Mimi nimeuacha, ukifanya kazi sawa, usipofanya sawa.

Kama unapanga kufunga gesi baadaye kama wenzetu wa teksi mtandao, fikiri mara mbili. Nozeli za injini hii ziko ndani ya chumba cha moto, na petroli inayopita ndiyo inayozipoza. Ukihamia gesi kabisa zinaungua. Mfumo wa gesi wa injini za aina hii lazima uendelee kupuliza petroli kidogo, ni wa bei zaidi, na unataka fundi aliyewahi kuufunga. Kwa anayetegemea gesi, IST bado ina akili.

La mwisho, kabla hujatuma hela Japani, hakikisha unanunua petroli. CX-5 nyingi za mwanzo zilizouzwa Japani ni dizeli, SkyActiv-D ya 2.2, na kwenye picha zinafanana. Dizeli ina nguvu kweli, ila ina chujio la masizi linaloziba kwa safari fupi za mjini, na hayo ni matatizo mengine kabisa. Angalia mwanzo wa namba ya chesisi: KEEFW ni petroli 2.0 ya magurudumu ya mbele, KEEAW ni petroli 2.0 ya magurudumu manne, KE5FW na KE5AW ni petroli 2.5. Ukiona KE2FW au KE2AW, hiyo ni dizeli, hata dalali aapeje. Ukipata gari, weka hapa herufi hizo za mwanzo, mwaka na kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya mnada, tuliangalie pamoja kabla hujalipa.