Sema kwanza kwa Kiswahili: kuipeleka "table" ya Kiingereza kwenye Kihispania

Msomaji mmoja ametuma kurasa mbili za ripoti ya uchimbaji wa visima aliyoitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, akaomba ziangaliwe. Sarufi imekaa vizuri, vitenzi vimenyambulika inavyotakiwa. Tatizo ni samani. "Water table" imegeuka mesa de agua, "table 3" imekuwa mesa 3, na ile "table of contents" ya mwanzoni imekuwa mesa de contenidos. Meza tatu kwenye ripoti ya kisima! Palihitajika nivel freático, cuadro 3 au tabla 3, na índice.

Inauma kidogo, kwa sababu Mswahili ndiye asiyepaswa kukosea hapa. Mwulize msomaji huyo maneno hayo kwa lugha ya nyumbani, atakwambia usawa wa maji chini ya ardhi, jedwali la tatu, yaliyomo. Meza haitaji hata mara moja. Amekosea kwa kuwa amejifunza Kihispania kupitia vitabu vya Kiingereza na kukiacha Kiswahili mlangoni.

Kilatini kilikuwa na maneno mawili: mensa, meza ya kulia, na tabula, ubao. Kihispania kimerithi yote mawili, ndiyo mesa na tabla. Kiingereza kilichukua tabula peke yake kupitia Kifaransa, kikaitwisha mizigo yote. Sisi meza tuliipata kwa Wareno, ambao mesa yao ni ileile ya Wahispania, na jedwali tukalipata kwa Waarabu. Kwa hiyo mgawanyo anaoutaka Mhispania umo kichwani mwako tangu utotoni. Kabla ya kuandika neno la Kihispania, litamke la Kiswahili. Likija "meza", andika mesa. Likija "jedwali", chagua kati ya tabla na cuadro. Likija neno jingine kabisa, zote tatu ziweke kando.

Kati ya tabla na cuadro, fuata mteja. Nyaraka za Umoja wa Mataifa kwa Kihispania huandika cuadro. Makala nyingi za kisayansi huandika tabla. Ukishachagua, shikilia hiyohiyo hadi ukurasa wa mwisho. Ila jedwali la kuzidisha ni tabla de multiplicar na lile la elementi ni tabla periódica, hayo hayana mjadala.

Tabla pia ni ubao wenyewe. Tabla de cortar ni kibao cha kukatia nyama na mboga, tabla de planchar ni ubao wa kupigia pasi. Anayeagiza tabla akitaka meza ataletewa kitu kisicho na miguu. Katika sataranji, tablas ni sare, na mtu anayesemwa tiene tablas ni yule aliyezoea jukwaa hata hababaiki mbele ya watu.

Kwenye mesa yenyewe, shida ni nchi. Kimeza cha kando ya kitanda ni mesilla au mesita de noche Uhispania, buró Meksiko, mesa de luz Argentina na Uruguay, velador Chile. Ukitafsiri tangazo la hoteli bila kujua wageni wanatoka wapi, mesita de noche ndiyo itakayoeleweka na wengi zaidi. Poner la mesa ni kuandaa meza kwa chakula: kitambaa, sahani, vijiko. Kuondoa vyombo ni quitar au recoger la mesa kwa Wahispania, na levantar la mesa sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini. Kuketi ili kula au kujadiliana ni sentarse a la mesa, na kihusishi ni a. Wanafunzi wengi huandika en la mesa, ambayo inaweza kumfanya msomaji aone mtu amepanda juu ya meza.

Lipo neno moja ambalo Kiingereza hakina: sobremesa, yale mazungumzo ya baada ya kula, watu wamekwisha kushiba lakini hakuna anayenyanyuka. Likikujia unapotafsiri kutoka Kihispania, lieleze kwa sentensi nzima, usihangaike kulitafutia neno moja. Na ukikutana na ordenador de sobremesa, hiyo ni kompyuta ya mezani, jinsi wanavyoiita Uhispania.

Kwenye mapishi meza inatoweka kabisa. "Tablespoon" ni cucharada, "teaspoon" ni cucharadita: mililita 15 na mililita 5. Zinatofautiana kwa herufi mbili tu, na ukizichanganya kwenye chumvi, umemharibia mtu sufuria nzima. Angalia pia mapishi yametoka wapi. Kijiko cha Australia ni mililita 20, kwa hiyo vijiko vitatu vya huko ni vinne vya kwingine.

Sasa nahau. Chache zinavuka salama. Kuweka karata mezani ni poner las cartas sobre la mesa, na hata karata yetu ni ya Wareno, kwa hiyo sentensi nzima ni ya ukoo mmoja. Pendekezo ambalo bado linajadiliwa liko sobre la mesa. Likiwa "off the table", usiandike fuera de la mesa. Andika descartado, limeondolewa.

"Bring to the table" huwaponza wengi. Traer a la mesa ni kuleta sahani ya wali. Mtu anayeongeza ujuzi wake kwenye kazi, aporta. Kitenzi kimoja, basi.

"Under the table" ina mitego miwili. Kama ni hongo au mpango wa siri, bajo cuerda inafaa, na por debajo de la mesa inaeleweka vizuri Amerika ya Kilatini. Hongo yenyewe ni mordida kwa Mmeksiko na coima kwa Muajentina. Lakini kama ni mshahara unaolipwa bila kodi, mfanyakazi hayumo kwenye vitabu, hiyo ni pagar en negro. Soma aya nzima ujue fedha inatoka kwa nani kwenda kwa nani.

"Turn the tables" inamtega Mswahili kwa namna yake, kwa sababu watangazaji wetu wa mpira wana kupindua meza. Hazilingani. Timu iliyokuwa nyuma mabao 2 ikashinda 3–2 imefanya remontada. Nahau ya Kiingereza ilitoka kwenye michezo ya ubao ya jamii ya backgammon, na maana yake ni nafasi kubadilishana: aliyekuwa akibanwa sasa ndiye anayebana. Kihispania husema se volvieron las tornas, au kwa lugha ya mtaani se dio la vuelta a la tortilla.

Nimeiacha mwisho iliyo hatari kuliko zote, "to table a motion". Uingereza ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe kwa sasa. Churchill amesimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana muda mrefu juu ya hati moja kwa sababu ya kitenzi hicho, kumbe wote walitaka jambo lilelile. Sikio letu linaegemea Uingereza, maana Bungeni Dodoma hati "huwasilishwa mezani", basi mkono huandika presentar wenyewe. Kama mwandishi ni Mmarekani, hapo umepindua uamuzi wa kikao. Kwake ni aplazar au posponer.

Ili ujue mwandishi ni wa wapi, tazama tahajia: "colour" na "programme" ni za Uingereza, "color" na "program" ni za Marekani. Tazama tarehe, kama mwezi umetangulia siku, jinsi Wamarekani wanavyoandika. Kisha soma aya inayofuata: hoja ikipigiwa kura papo hapo, ni presentar. Mashirika ya kimataifa huchanganya tahajia za pande zote mbili, na wakati mwingine muhtasari hukatika hapohapo. Katika hali hiyo mwandikie mteja swali la mstari mmoja kabla ya kutuma kazi, ukimnakilia sentensi yenyewe na namba ya ukurasa.