Muhula wa mahakama: fupisheni, ila lindeni kesi

Ndugu, umeuliza muhula wa Mahakama ya Juu katika serikali yenu ya kuigiza mtandaoni uwe mrefu kiasi gani, maana majaji wanapotea na kesi zinarundikana. Mnaowaiga, Marekani, huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na hukumu nyingi hutoka kufikia mwisho wa Juni. Kwenu muda huo ni mrefu mno. Wekeni miezi miwili. Kule majaji wanne kati ya tisa wakikubali, rufaa inasikilizwa. Ninyi mko watano, basi wawili watoshe. Kubwa zaidi ni akidi, yaani idadi ya chini ya majaji wanaotakiwa ili kesi iamuliwe: jaji aliyekaa kimya siku saba asihesabiwe kwenye kesi hiyo. Na kesi isiyoamuliwa isifutwe jamani, ihamie muhula unaofuata. Mtu kaitolea jasho hoja yake.