Kona ya Kusoma Bila Bajeti

SWALI: Mhariri, ninafundisha Gredi ya 4 huku Kayole, Nairobi. Nataka kuanzisha kona ya kusoma darasani, lakini mwalimu mkuu anasema hakuna fedha. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usianze na fedha. Tenga nusu saa kwa wiki, tumia vitabu vichache vilivyopo, na uweke daftari linaloonyesha kila mwanafunzi amesoma nini na ameelewa nini, kwa kuwa ushahidi huo utamshawishi mwalimu mkuu kuliko ombi lolote. Kisha mwombe ruhusa ya kulifikisha jambo hili kwa chama cha wazazi na bodi ya usimamizi, vyombo vinavyotambuliwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Tafadhali usimruke, mkuu aliyerukwa hupinga hata jambo jema. Wazazi nao waalike wawasikilize watoto wao wakisoma kwa sauti, ndipo uwaombe vitabu.