Usijiuzulu kwa msukumo wa hotuba pekee

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: huipendi kazi yako ya uhasibu, na baada ya kusikiliza hotuba ya Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya kompyuta ya Apple, kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005 unataka kujiuzulu mwezi huu ili uishi kwa uchoraji.

Hotuba hiyo ninaiheshimu sana, lakini nakuomba uisikilize tena kwa makini. Jobs anaeleza kwamba alipoacha masomo alilala sakafuni katika vyumba vya rafiki zake na kurudisha chupa za soda ili apate fedha za chakula, na kwamba somo la kaligrafia (sanaa ya kuandika herufi kwa urembo) alilohudhuria wakati huo halikuonekana kuwa na matumizi yoyote hadi miaka 10 baadaye, walipokuwa wakibuni kompyuta ya kwanza ya Macintosh ya Apple. Wasikilizaji wengi hukumbuka ushindi na kuusahau muongo huo, nami naona hapo ndipo penye funzo linalokuhusu.

Kwa hiyo, chora kwanza jioni na mwishoni mwa wiki, tafuta wateja wachache wanaolipa kweli, na uweke akiba ya kukutosha angalau miezi sita. Wenzangu kadhaa walihama kazi kwa njia hii, polepole lakini kwa utulivu. Kabla ya kuandika barua, soma mkataba wako kuhusu muda wa notisi, na kama una mkopo, zungumza na mshauri wa fedha. Ikiwa kazi hiyo imekunyima usingizi au hamu ya kuishi, muone daktari au mshauri nasaha mapema, bila kusubiri akiba itimie.